Mume wangu anataka kuuza watoto wa mbwa chotara kama German Shepherd halisi

Shikamoo Daktari,

Naishi Usa River, Arusha, na mume wangu na watoto wetu watatu. Tuna mbwa jike, German Shepherd, ambaye mume wangu alimnunua kwa hela nyingi akiwa na mpango wa kumzalisha na kuuza watoto. Alipoingia kwenye joto safari hii, mume wangu alimpeleka kwa rafiki yake mwenye dume la German Shepherd. Akalala huko siku mbili, akarudi, tukajua kazi imekwisha.

Kumbe bado. Mvua ilikuwa imeangusha kipande cha ua nyuma ya banda la kuku. Asubuhi moja mwanangu mkubwa akanijia mbio: "Mama, Simba wa jirani amenasana na mbwa wetu!" Kutoka nje, kweli, wamenasana, kila mmoja ameangalia upande wake, na huyo Simba ni lile koko la kahawia linaloshinda barabarani. Mume wangu alikimbilia gongo nikamshika mkono.

Sasa watoto wana wiki tano. Wako sita. Wanne wana mgongo mweusi kama mama yao. Wa tano ni kahawia mtupu, mkia umejikunja juu ya mgongo, Simba mtupu. Wa sita ana miguu myeupe kama amevaa soksi, na huyo nikifungua tu banda ndiye wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi.

Mume wangu ameshawagawa. Wale wanne ni "halisi", amewapiga picha na kuwarusha kwenye magrupu ya WhatsApp kwa laki tano kila mmoja. Mtu mmoja wa Moshi ameshatuma laki mbili za kushikiwa mmoja. Aliuliza baba ni mbwa gani, mume wangu akamtumia picha ya dume la rafiki yake, basi. Wale wawili anasema ni takataka, watakula chakula bure na kumharibia jina. Atawatia kwenye kiroba awaache usiku karibu na soko la Tengeru.

Shemeji yangu anafuga kuku chotara, na yeye anasema tunachezea bahati. Eti mbwa chotara haugui, ana akili kuliko mbwa halisi, na huko Ulaya watu wanawanunua kwa bei kubwa kuliko mbwa wenye makaratasi. Mume wangu anamcheka.

Daktari, inawezekana kweli tumbo moja likawa na baba wawili? Shemeji anasema kweli au anajifurahisha? Nimwambie nini mume wangu bila kuwasha moto ndani ya nyumba? Na mwisho, moyo wangu uko kwa hao wawili "takataka". Wote ni majike. Natamani niwabakishe wote.

Mama wa watatu, Usa River

*

Marahaba, mama.

Nianze na lisilosubiri. Hao wawili wasiende Tengeru wala popote kwenye kiroba. Mtoto wa mbwa wa wiki tano hajui kujitafutia chochote. Akifa kwa njaa au kwa gari ndiyo basi, na akipona atakulia sokoni bila chanjo, aje kumng'ata mtoto wa mtu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na mbwa wamo. Mwambie baba watoto hilo kwa upole, akishamaliza kula.

Kuhusu baba wawili: ndiyo, inawezekana kabisa. Joto la mbwa jike huchukua wiki tatu hivi, na ndani ya hizo kuna siku kadhaa za kukubali dume. Mayai yakishatoka huhitaji kama siku mbili kukomaa, na mbegu za dume zinaweza kukaa hai ndani ya jike siku tano na zaidi. Kwa hiyo dume la Jumatatu na dume la Alhamisi wote wanaweza kupata watoto kwenye tumbo hilohilo. Mimba ni ile ya siku 63 hivi, wanazaliwa usiku mmoja, wananyonya ziwa moja, baba tofauti.

Mume wako anapokosea ni kuwagawa kwa macho. Mgongo mweusi mtoto anaweza kuupata hata kama baba ni koko, kwa sababu mama naye anachangia nusu. Masikio hayatakusaidia, maana hata German Shepherd halisi wa wiki tano masikio yake bado yamelala. Husimama baadaye, mara nyingi meno ya utoto yanapobadilika. Rangi za sasa nazo zitahama wakikua. Inawezekana wale wanne wote ni wa dume la rafiki, inawezekana wawili tu, na inawezekana Simba ndiye baba wa wote sita. Kipimo cha vinasaba ndicho kingemaliza ubishi, na duka la dawa za mifugo hapo kwenu hawanacho.

Ndiyo maana yule mtu wa Moshi lazima aambiwe, tena kabla hajapanda basi. Aliuliza swali la wazi, akajibiwa kwa picha ya dume mmoja wakati madume walikuwa wawili. Pengine anataka na yeye kuzalisha, na baada ya mwaka ataona mwenyewe kilichotoka. Maneno yenyewe si mengi: "Mama ni German Shepherd. Alipandwa na madume wawili, mmoja German na mmoja wa kienyeji. Huyu hatujui ni wa yupi." Akitaka hela yake arudishiwe yote. Akimtaka mbwa hivyohivyo, mkubaliane bei nyingine. Mumeo ana mpango wa kuuza watoto wa mbwa miaka ijayo, na magrupu ya WhatsApp yanayomletea wateja leo ndiyo yatakayomtangaza kesho. Jina lake lipo hatarini hapo kuliko kwenye mkia wa yule mtoto wa kahawia.

Na kama anapenda sana neno "halisi", mpe kisa cha mbwa wake mwenyewe. German Shepherd hakushuka kutoka mbinguni na makaratasi mkononi. Mwishoni mwa karne ya 19 Ujerumani ilikuwa na mbwa wa kuchunga kondoo wa kila namna, kila jimbo na wake, wengine mikia imejikunja, wengine masikio yameanguka. Mwaka 1899 ofisa mmoja wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz, alimwona dume mmoja kwenye maonyesho ya mbwa, akamnunua, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, akaanzisha chama cha wafugaji wa mbwa hao na kumwandika Horand wa kwanza kwenye daftari lake la ukoo. Kisha akachanganya mbwa wa Thuringia na wa Württemberg mpaka akapata umbo alilolitaka, huku akizalisha sana ndani ya ukoo mmoja ili umbo lisipotee. Kwa hiyo "halisi" maana yake ni kwamba kuanzia siku fulani daftari lilifungwa. Kabla ya hapo walikuwa machotara.

Kufungwa kwa daftari kuna faida: ukinunua mtoto unajua kwa kiasi kikubwa atakuwa na ukubwa gani na manyoya gani. Hasara ni kwamba kasoro nazo zinafungiwa humohumo. German Shepherd anajulikana kwa nyonga zisizokaa vizuri kwenye kikombe chake, na kwa ugonjwa wa uti wa mgongo unaomlegeza miguu ya nyuma uzeeni.

Hapo ndipo shemeji yako anapoingia, na ana nusu ya ukweli. Ile nguvu ya chotara anayoiona kwenye kuku wake ipo na kwa mbwa. Kasoro nyingi za kurithi hujitokeza pale mtoto anapopata nakala mbili mbovu, moja kwa mama na moja kwa baba. Simba hana undugu na mkewe wa Kijerumani, samahani kwa utani, kwa hiyo si rahisi wote wawili wawe wamebeba ubovu uleule. Huo ugonjwa wa uti wa mgongo ni mfano mzuri: kwa kawaida unahitaji nakala mbili, na kama Simba hanayo, watoto wake wanaweza kuubeba bila kuugua.

Lakini si magonjwa yote yanafuata kanuni hiyo. Nyonga hutegemea vinasaba vingi pamoja na chakula na uzito, na mtoto wa mama mwenye nyonga mbovu anaweza kuzirithi hata baba angekuwa wa chuma. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za mbwa zaidi ya 27,000 wakiangalia magonjwa 24 ya kurithi. Magonjwa 10 yalikuwa mengi zaidi kwa mbwa halisi. Moja, la kukatika mshipa wa goti, lilikuwa zaidi kwa machotara. Yaliyobaki 13 hayakuwa na tofauti. Mwaka 2024 Chuo cha Royal Veterinary College cha London nacho kikalinganisha wale machotara wa mtindo wa Uingereza, cockapoo, labradoodle na cavapoo, na jamii za wazazi wao. Katika ulinganisho wote walioufanya, asilimia 86.6 hawakuona tofauti yoyote. Hao ni machotara wa Poodle, na wazazi wa pande zote mbili ni jamii zilizofungiwa daftari zamani, kwa hiyo sishangai. Kwenu upande mmoja ni mbwa wa mtaani, na hapo mimi nina matumaini zaidi. Hata hivyo "haugui" ni neno la muuza kuku.

Anaposema Ulaya wanawanunua ghali, anasema kweli, na kisa chake kimtahadharishe. Mwaka 1989 Wally Conron alikuwa anasimamia uzalishaji wa mbwa wa kuongoza vipofu huko Australia. Mwanamke mmoja kipofu wa Hawaii aliomba mbwa, na mume wake alikuwa na mzio wa mbwa. Conron akampandisha Labrador na Poodle, wakazaliwa watoto watatu, akatuma manyoya na mate yao Hawaii yakapimwe. Mmoja tu kati ya watatu ndiye mume yule alimvumilia. Wawili waliobaki wakakosa mtu wa kuwalea, kila aliyeombwa alisema hataki chotara. Conron akawaita "labradoodle", jina la kubuni, akalitangaza kama mbwa mpya, na simu zikaanza kulia. Mbwa ni walewale. Baada ya hapo wazalishaji wakaruka na jina, wakawaambia watu kwamba labradoodle hasababishi mzio, na mwaka 2012 Waholanzi wakapima manyoya na nyumba wasikute ushahidi wowote wa madai hayo. Conron mwenyewe alipozeeka alisema anajutia alichokianzisha. Shemeji akikwambia "Ulaya wanawanunua", muulize wananunua mbwa au wananunua jina.

Machotara wanaothaminiwa kwa kazi wapo, na hao ndio wa kumwonyesha mume wako. Uingereza, wengi wa mbwa wa kuongoza vipofu ni mchanganyiko wa Labrador na Golden Retriever, na hakuna anayewaita takataka. Alaska, mbwa wanaovuta magari ya theluji kwenye mashindano ni wale wanaoitwa Alaskan husky. Hawana daftari wala umbo moja, wamechanganywa vizazi na vizazi kwa kuangalia nani anakimbia na nani anachoka. Hakuna mwenye mbwa wa mashindano anayeuliza masikio yamesimama au la.

Sasa nije kwa Simba, maana naona kila mtu anamwonea. Wengi wanadhani koko ni mabaki ya mbwa wa Wazungu waliochanganyikana wakachakaa. Utafiti wa vinasaba wa 2009 uliochukua mbwa wa vijijini Misri, Uganda na Namibia ulikuta kwamba sehemu nyingi mbwa hao ni kundi lao wenyewe, wametokana na mbwa wa zamani wa bara hili, na wana utofauti mkubwa wa vinasaba. Utofauti huo ndio mali aliyoiingiza nyumbani kwako kupitia pengo la ua. Tena dume lililofika utu uzima kando ya barabara ya Arusha na Moshi lina macho na linajua magari. Ila usisahau kwamba unamwona yeye kwa sababu alipona. Ndugu zake wa tumbo moja huwaoni.

Kuna jambo lake moja linanitia wasiwasi, nalo si damu yake. Mbwa wanaozurura huambukizana uvimbe wa sehemu za siri wakati wa kupandana. Mwangalie mama: akiendelea kudondosha damu wakati si msimu wa joto, au ukiona nyama iliyochipuka kama koliflawa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Unatibika kwa sindano za wiki kadhaa, na wengi hupona. Mkiwa hapo mmuulize jirani kama Simba amechanjwa kichaa cha mbwa. Kama bado, mchangieni chanjo, na kama mtaweza, mmhasi. Itakuwa rahisi kuliko gongo.

Watoto wote sita, halisi na takataka, wanahitaji vitu vilevile. Dawa ya minyoo wangekuwa wameshaanza kuipata wakiwa na wiki mbili, na irudiwe kila wiki mbili mpaka wiki ya nane. Chanjo ya parvo na distemper, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, ianze wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wafike wiki 16. Kichaa cha mbwa wakitimiza miezi mitatu. Parvo haiulizi ukoo. Nusu koko anayeharisha damu anakufa upesi sawa na mbwa wa laki tano. Na asiondoke hata mmoja kwa mama yake kabla ya wiki nane, huyo wa Moshi akiwemo.

Mume wako anataka mlinzi, najua. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000 wa Marekani, halisi na machotara. Jamii ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo amwangalie kila mtoto alivyo. Adondoshe sufuria tupu karibu nao: anayeshtuka kisha akarudi kunusa ana dalili ya ujasiri, anayekimbilia pembeni akabaki huko huenda akawa mbwa wa woga, na mbwa wa woga anaweza kung'ata wageni ovyo. Kuanzia sasa hadi wiki ya 14 hivi waone watu, watoto, bodaboda, mbuzi, mwavuli. Wasifungwe mnyororo mchana kutwa, na asiwape pilipili wala bangi wawe wakali. Watu bado wanafanya hivyo, na wanapata mbwa mgonjwa wa tumbo, basi.

Huyo mwenye soksi, anayetoka bandani wa kwanza, mimi ningemchagua hata kama ningepewa wote sita bure.

Bei sikupangii. Jumlisha dawa ya minyoo, chanjo na chakula, uza chotara kwa jina lake, pamoja na kadi ya chanjo, kwa mtu ambaye umeona ua wake. Sehemu za kwenu zenye mashamba na magodauni, chotara wa German Shepherd aliyechanjwa hakosi mtu. Wa kwanza wa kuulizwa ni huyo jirani mwenye Simba.

Kuhusu kubakisha wote wawili: bakisha mmoja. Majike wawili wa tumbo moja wakikua pamoja wanaweza kushikamana wao kwa wao na kukusikiliza kwa shida, na wakikomaa wengine hupigana vibaya, tena mama yao naye yumo kwenye ua huohuo. Mwenye soksi abaki kwenu, wa kahawia apewe mtu wa karibu ambaye wanao wanaweza kumtembelea. Huyo anayebaki afungwe kizazi akifika umri ambao daktari wenu atawaambia, kwa sababu mbwa wakubwa mara nyingi tunawasubiri wakomae kwanza. Nguvu hiyo ya chotara ni ya kizazi cha kwanza; shemeji anajua kinachotokea akiangulisha mayai ya kuku wake chotara, kila kifaranga na sura yake. Mama naye, kama mume wako bado anataka kuzalisha, apumzike, na joto lijalo likianza, mara nyingi miezi sita au saba baada ya lile, afungiwe ndani wiki tatu kamili, hata kama ameshatoka kwa dume la rafiki. Na ule ua uzibwe wiki hii.